Kutoka Kucheza Kikapu Chuoni Hadi Kiti cha Kocha Mkuu: Njia ya Marekani, Ngazi kwa Ngazi

Shaka Smart alicheza pointi gadi, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, katika Chuo cha Kenyon huko Ohio, chuo cha Divisheni ya III, ya chini kati ya tatu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ambacho hakitoi ufadhili wa michezo. Mwaka 1999 akaenda California University of Pennsylvania kuwa msaidizi wa timu huku akisomea uzamili. Mwaka 2001 alihamia Chuo Kikuu cha Dayton kuwa mkurugenzi wa shughuli za timu, 2003 akawa kocha msaidizi Akron, 2006 Clemson, 2008 Florida, na 2009 Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth (VCU) wakamkabidhi timu yake mwenyewe. Miaka miwili baadaye timu hiyo ilifika Final Four, nusu fainali ya ubingwa wa vyuo. Vituo vitano, miaka kumi, na pointi alizofunga Kenyon hazikuwa na uzito wowote kwenye meza ya Florida. Walichokuwa wakinunua ni kazi aliyojifunza kuifanya akiwa hachezi tena.

Hiyo ndiyo njia ya walio wengi, na mwongozo huu unaifuata. Njia za mkato zipo. Jon Scheyer alitwaa ubingwa akiwa mchezaji wa Duke 2010, akarudi 2013 kama msaidizi maalumu, na 2022 akarithi kiti cha Mike Krzyzewski palepale. Mcheza kwao hutunzwa. Dawn Staley aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Temple kuwa kocha mkuu mwaka 2000 akiwa bado anacheza WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, lakini wakati huo alikuwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki nyumbani kwake. Kama huna jina la namna hiyo, hesabu miaka minane hadi kumi na tano, na uianze kabla hujavua jezi.

Msimu wa mwisho wa kucheza

Mwombe kocha wako ruhusa ya kukaa kwenye vikao vya video vya makocha, hata mara moja kwa wiki. Usiende kutoa maoni. Kaa kimya, andika wanachobishania: nani amlinde nani, kwa nini skrini ya mwenye mpira (mwenzake anaposimama kumzibia njia mlinzi) ilindwe kwa senta kurudi nyuma na si kwa kubadilishana wachezaji, wanaacha mtupo gani kwa makusudi. Mchezaji anajua kazi ya nafasi yake. Kocha lazima ajue kazi za watu watano kwa wakati mmoja, na hapo ndipo gadi wengi wazuri hugundua kwamba hawajui senta wao alikuwa akifanya nini miaka yote minne.

Anza pia daftari la michezo. Kila shambulizi mnalocheza lichore mwenyewe: mpangilio wa kuanzia, chaguo la kwanza, chaguo la pili, na mlinzi akiliziba la kwanza mnafanya nini. Programu ya FastDraw hutumika sana kwa kazi hii, lakini karatasi inatosha mwanzoni. Michoro 40 unayoweza kuieleza bila kuitazama ni bora kuliko 300 uliyoipakua.

Wachezaji wa kike waliomaliza miaka yao ya kucheza wana mlango wa ziada: Chama cha makocha wa kikapu cha wanawake, WBCA, huendesha mafunzo ya siku chache yanayoitwa So You Want To Be A Coach, na huendana na mkutano wao wa mwaka wakati wa Final Four. Kuingia ni kwa maombi, kwa hiyo muulize kocha wako mapema.

Kazi ya kwanza

Kazi za kuingilia zina majina mengi. Katika Divisheni ya II na ya III, na katika vyuo vya NAIA, chama kingine cha vyuo vidogo, iliyo ya kawaida ni ya msaidizi anayesoma uzamili: chuo kinalipa ada yote au sehemu, kinaongeza posho ndogo, nawe unafanya kazi ya kocha msaidizi karibu kamili. Katika Divisheni ya I utaanzia meneja anayesoma uzamili, msaidizi wa video, au chini ya mkurugenzi wa shughuli za timu, yule anayepanga mabasi, hoteli, vyakula na ratiba. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye chuo kikubwa utakuwa karibu na makocha wenye majina lakini huenda usiguse mazoezi. Kwenye chuo kidogo utaendesha mazoezi, utaandaa ripoti, utasajili, na jioni utafua jezi. Kwa mtu asiye na jina, tunaona chuo kidogo kinampa zaidi. Smart alianzia huko, na ofisini kwa kocha aliyekwisha kumfahamu.

Nafasi hufunguka kwa wimbi. Msimu ukiisha mwezi Machi makocha wakuu wanafukuzwa na kuhama, Aprili na Mei wapya wanajaza nafasi za wasaidizi, na za chini kabisa hujazwa Juni hadi Agosti. Tangazo huwekwa kwenye tovuti za NCAA Market au HoopDirt, lakini mara nyingi kocha ana majina mawili matatu mfukoni kabla halijatoka. Kwa hiyo:

1. Andaa orodha ya makocha 30 ambao una mtu wa kukuunganisha nao: kocha wako wa sekondari, msaidizi aliyekusajili, mpinzani aliyekuheshimu.
2. Tuma barua pepe fupi, mistari isiyozidi kumi, yenye CV ya ukurasa mmoja na mfano mmoja wa kazi: ripoti ya mpinzani uliyoiandaa mwenyewe juu ya timu ya ligi yao. Ripoti hiyo ndiyo itakayofunguliwa. Video ya mabao yako iache nyumbani.
3. Baada ya siku saba, mwombe aliyekuunganisha apige simu. Simu ya mtu wanayemwamini inazidi barua zako tano.
4. Nenda kufundisha kwenye kambi za majira ya joto za vyuo hivyo. Malipo ni madogo, lakini kocha mkuu anakuona siku nzima ukishughulika na watoto wa miaka kumi, na hakuna usaili mgumu kuliko huo.

Mkutano wa chama cha makocha wa wanaume, NABC, hufanyika mji uleule wa Final Four, na biashara nyingi hufanyika kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli kuliko kwenye semina. Ukienda, nenda ukiwa na miadi. Vijana wanaozungukazunguka wakigawa kadi husahaulika kabla ya chakula cha jioni.

Anayetoka Afrika Mashariki kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ana hesabu nyingine ya kufanya. Wakati wa masomo unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, na nafasi ya msaidizi anayesoma uzamili inaweza kupangwa ndani ya saa hizo. Ukihitimu una kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, OPT, cha miezi 12, lakini kazi lazima ihusiane na ulichosomea, na huruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Aliyesomea uhasibu atapata tabu kueleza kwa nini anafundisha kikapu. Ndiyo maana uzamili wa usimamizi wa michezo au uongozi una maana zaidi ya cheti. Kazi ya kujitolea ya angalau saa 20 kwa wiki, inayohusiana na masomo yako, huzuia hesabu ya siku hizo isiendelee. Maombi ya OPT yanaweza kupelekwa kuanzia siku 90 kabla ya masomo kuisha, na wanaochelewa ndio wanaopoteza kazi waliyokwisha kuahidiwa. Vyuo vikuu haviingii kwenye bahati nasibu ya viza ya kazi ya H-1B, jambo linalokufaa sana, ila chuo lazima kikubali kukudhamini. Liulize kwenye usaili, na uhakikishe kila kitu na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kwa kuwa kanuni hizi hubadilika.

Chumba cha video

Hapa ndipo watu hupanda au hubaki. Erik Spoelstra, pointi gadi wa zamani wa Chuo Kikuu cha Portland, aliingia Miami Heat, timu ya NBA, 1995 kwenye chumba cha video. 2008 akawa kocha mkuu, na 2012 na 2013 wakatwaa ubingwa. Kocha mkuu hana muda wa kutazama mechi tano za kila mpinzani. Anayemtazamia, akamwambia mambo sita yaliyo ya kweli, anakuwa mtu asiyeweza kuachwa.

Utaratibu wa ripoti moja ni huu. Chagua mechi nne au tano za karibuni za mpinzani, na angalau mbili ziwe dhidi ya timu inayocheza kama yenu. Kabla ya kutazama, angalia orodha ya waliocheza: kama gadi wao mkuu alikuwa majeruhi katika mechi tatu kati ya hizo, unasoma timu ambayo hamtakutana nayo. Kosa hili ni la kawaida mno, na huonekana dakika ya pili ya mchezo, mbele ya watu wote.

Tazama mara tatu. Mara ya kwanza, mashambulizi yao tu: kila zamu ya kumiliki mpira ipe alama kwenye programu za video za Synergy au Sportscode kulingana na namna ilivyoanza na ilivyoisha, yaani shambulizi la kasi, skrini ya mwenye mpira, mpira wa ndani, mpira wa kurusha kutoka chini ya kikapu au pembeni. Mara ya pili, ulinzi wao: wanalindaje skrini, nani anasaidia kutoka upande wa pili, wanabadili lini kuwa ulinzi wa kanda, yaani kila mmoja kulinda eneo badala ya mtu. Wengi hubadili baada ya taimauti au baada ya kufunga mtupo huru, kwa hiyo tia alama wakati huo hasa. Mara ya tatu, mchezaji mmoja mmoja, wale wanane wanaocheza kweli. Kila mmoja mwandikie sentensi tatu tu: anaenda mkono gani, anafunga akiwa amesimama au baada ya dribo, na tumpe nini. "Mpigaji mzuri" haimsaidii mlinzi. "Kushoto anaingia hadi kikapuni, kulia anasimama na kuruka baada ya dribo mbili; mlazimishe kulia" inamsaidia.

Halafu kata. Klipu 30 za sekunde 12 ni dakika 6 za video. Kocha akizisimamisha na kueleza, kikao kinafika dakika 15, na baada ya hapo wachezaji wanatazama bila kuona. Karatasi ya wachezaji isizidi kurasa mbili. Ya makocha inaweza kuwa ndefu, na iwe na majina ya michezo kama mpinzani anavyoyaita: ukisikia kwenye video pointi gadi wao akipaza sauti "ngumi" na kufuatiwa na skrini ileile mara nne, umepata kitu ambacho benchi lenu litakitumia usiku wa mechi.

Timu ikicheza Alhamisi na Jumamosi, huna siku tano kwa kila mpinzani. Wa Jumamosi awe amekamilika kabla ya mechi ya Alhamisi, na wa Alhamisi ijayo awe amekwisha kupewa alama. Hifadhi nakala mbili, moja kwenye diski ya nje ambayo haitegemei intaneti ya hoteli.

Namba zinakuja baada ya macho, lakini zije. Jumla za pointi hudanganya kwa sababu timu hazichezi kwa kasi moja, basi hesabu kwa zamu za mpira: mitupo yote ya uwanjani, toa ribaundi za mashambulizi, ongeza mipira iliyopotezwa, ongeza mitupo huru mara 0.475. (Si kila mtupo huru unamaliza zamu, ndiyo sababu ya sehemu hiyo.) Timu iliyotupa mara 62, ikapata ribaundi 10 za mashambulizi, ikapoteza mipira 13 na kutupa mitupo huru 20, ilikuwa na zamu 74.5. Ikiwa ilifunga pointi 76, hiyo ni takribani pointi 102 kwa zamu 100. Ubora wa mitupo hesabu hivi: mitupo iliyoingia, ongeza nusu ya iliyoingia ya pointi tatu, gawa kwa mitupo yote. Timu hiyohiyo iliingiza 26, 8 kati yake ya pointi tatu: 30 kwa 62, asilimia 48.4. Dean Oliver, mchambuzi wa takwimu za kikapu, aliupanga mchezo katika mambo manne: ubora wa mitupo, kupoteza mpira, ribaundi za mashambulizi, na kufika kwenye mitupo huru. Mpe kocha wako hayo manne ya kila mpinzani, na jambo moja la kufanya kwa kila namba. Namba isiyo na la kufanya ifute.

Uwanjani

Kabla hujafungua mdomo mazoezini, jua kama kanuni zinakuruhusu. NCAA hutofautisha kocha anayefundisha na mfanyakazi asiyefundisha. Kwa Divisheni ya I, tangu Julai 2023 timu za kikapu ziliruhusiwa kuwa na watu wawili zaidi wa kufundisha uwanjani juu ya wasaidizi watatu wa kawaida, lakini hao wawili hawakuruhusiwa kwenda nje ya chuo kusajili. Nafasi hizo mbili zimekuwa daraja zuri kwa watu wa video, na inafaa uziulize kwa jina. Ofisi ya chuo inayosimamia kanuni ndiyo itakuambia uko upande gani wa mstari, wewe usikisie.

Kanuni za muda nazo ziwe kichwani. Ndani ya msimu wachezaji wana saa 20 kwa wiki, zisizozidi 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Nje ya msimu ni saa 8 kwa wiki, na za ufundi wa mpira zisizidi 4. Ukipewa dakika 12 kwenye mpango wa mazoezi, zitumie kama dakika 12: koni zimewekwa kabla, makundi yametangazwa kabla, maelezo sekunde 20, mpira unadunda.

Waliokuwa wachezaji huharibu hapa kwa namna mbili. Wanaonyesha kupita kiasi, kwa kuwa mwili bado unaweza, na mchezaji anabaki mtazamaji. Na wanabaki marafiki: umemzidi mchezaji miaka miwili, mlikula pamoja mwaka jana, sasa anakueleza siri za kumlalamikia kocha mkuu. Siku kocha atakapojua kwamba ulijua, umekwisha.

Kazi binafsi na mchezaji mmoja ndiyo itakayokutangaza. Chagua mmoja anayekaa benchi, panga naye dakika 30 kabla ya mazoezi, mitupo 200 kutoka sehemu zilezile anazopata mpira kwenye mechi, andika ngapi zimeingia kila siku. Akipanda kutoka asilimia 28 hadi 36 ya pointi tatu, kila mtu kwenye ligi atauliza nani alimfundisha.

Kusajili

Kocha msaidizi wa Divisheni ya I hupimwa kwa wachezaji anaowaleta, hata kama hakuna anayelisema wazi. Zamani ilikuwa kumfuata kijana wa sekondari miaka mitatu. Sasa sehemu kubwa ya kazi ni lango la uhamisho, orodha ambamo mchezaji anayetaka kuhama chuo huandikisha jina lake, lililoanza Oktoba 2018, pamoja na fedha: tangu Julai 2021 wachezaji wanaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na picha zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia mapato, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote. Msaidizi asiyeweza kueleza mkataba kwa mzazi amebaki nyuma.

Weka orodha hai ya majina kwa nafasi: mchezaji, miaka aliyobakiza, kwa nini anaweza kutaka kuhama, nani anamshauri. Lakini usizungumze naye wala na mtu wake kabla jina lake halijaingia langoni. Huo ni uvunjaji wa kanuni, na adhabu inafika hadi kwa kocha mkuu. Pia lazima upite mtihani wa kanuni za usajili kabla ya kutoka chuoni kwenda kutazama wachezaji.

Anayejua Kiswahili, au Kifaransa cha Bujumbura na Goma, ana kitu ambacho wenzake hawana. Vijana warefu wa ukanda huu wanatafutwa, na familia zao huamini zaidi anayeweza kukaa nao sebuleni na kueleza ada, viza na hati za masomo bila mkalimani.

Kupanda, na kuanguka

Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake kwa kawaida huondoka naye. Hilo litakupata. Kwa hiyo kabla ya kuhama kwa cheo kikubwa zaidi, tazama mkataba wa kocha unayemfuata: amebakiza miaka mingapi, mkurugenzi wa michezo aliyemwajiri bado yupo? Uhamisho wa pembeni, cheo kilekile kwa kocha imara, mara nyingi hushinda cheo kipya kwenye nyumba inayoungua.

Ukiitwa kwenye usaili wa ukocha mkuu, kamati haitakuuliza mchezo unaoupenda. Itauliza utawabakiza wachezaji gani, wasaidizi wako ni akina nani na kama wamekubali, bajeti utaigawaje, siku 90 za kwanza utafanya nini, viwango vya masomo utavilindaje. Peleka majibu yaliyoandikwa. Majina ya wasaidizi yawe ya watu uliokwisha kuongea nao, maana kamati hupiga simu. Brad Stevens aliacha kazi kwenye kampuni ya dawa ya Eli Lilly mwaka 2000 akaenda kujitolea Chuo Kikuu cha Butler. 2007, akiwa na miaka 30, alipewa timu hiyohiyo, na ikafika fainali 2010 na 2011. Butler walikuwa wamemwona akifanya kazi miaka saba, hawakuhitaji kubahatisha.

Uzoefu wa ukocha mkuu unaweza kuupata pia nje ya chuo. Royal Ivey, mchezaji wa zamani wa Chuo Kikuu cha Texas, alikuwa msaidizi NBA wakati akiiongoza Sudan Kusini kwenye Kombe la Dunia 2023 na Olimpiki ya Paris 2024. Ukikubali kazi ya majira ya joto na timu ya taifa au klabu ya ukanda huu, soma upya kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kabla ya mazoezi ya kwanza: saa ya shambulizi ni sekunde 24 badala ya 30, na baada ya ribaundi ya mashambulizi inarudi 14, robo nne za dakika 10 badala ya vipindi viwili vya dakika 20 vya wanaume wa chuo, mpira ukishagusa ringi unaweza kuupiga, na taimauti huombwa na benchi tu, mbili nusu ya kwanza ya mchezo na tatu nusu ya pili, zisizozidi mbili ndani ya dakika mbili za mwisho. Mchezaji aliyelelewa chuoni ataomba taimauti akiwa amebanwa kona na mwamuzi hatamsikiliza, kwa hiyo wafundishe siku ya kwanza pasi ya kutokea hapo.